Benchi Jipya, Timu Ileile: Mwongozo kwa Makocha wa Soka wa Vyuo vya Simiyu

Hali hii anaijua yeyote aliyekaa chuoni Bariadi, Maswa au Malampaka. Timu imerudi kutoka mashindanoni na kapu la magoli, serikali ya wanafunzi imepiga kelele, na uongozi wa chuo umeamua kubadilisha benchi la ufundi. Mkufunzi aliyewahi kusakata kabumbu ujanani anakabidhiwa filimbi, anaongezewa msaidizi mmoja, kisha anaambiwa matokeo yaonekane. Jioni ya kwanza wanajitokeza vijana 40 na mipira miwili, mmoja unavuja upepo. Wachezaji wengi ni walewale, uwanja ni uleule, chakula ni kilekile. Kilichobadilika ni ninyi tu.

Mwongozo huu ni wako wewe, mwalimu uliyepewa filimbi hiyo, na wenzako mtakaokaa pamoja kwenye benchi. Hoja yake ni moja. Timu ya chuo ina saa chache za mazoezi, na kila mwaka sehemu ya kikosi inahitimu na kuondoka. Kwa hiyo benchi linaloisaidia ni lile linalochagua mambo machache, kuyafundisha mpaka yakaiva, na kuyaandika ili watakaofuata wasianze upya.

1. Anzieni ofisini

Kabla ya kugusa mpira, nenda kwa mkuu wa chuo na mtaaluma ukaombe kalenda ya mwaka. Chukua karatasi ya manila, chora wiki zote za muhula, kisha weka alama wiki za mitihani, likizo na mafunzo kwa vitendo. Kwa chuo cha ualimu hili ni la kufa na kupona, maana wanachuo wakishatawanywa mashuleni kufundisha kwa vitendo huna timu tena. Hesabu wiki zilizobaki wazi. Mara nyingi utashangaa jinsi zilivyo chache, na hapo ndipo mipango ya kweli inapoanza.

Weka pia tarehe za mashindano yenu. Vyuo vya ualimu vina UMISAVUTA, vyuo vikuu viko chini ya TUSA, na vyuo vingine vya elimu ya juu vina SHIMIVUTA. Tafuta kanuni za mashindano ya mwaka huo na uzisome mwenyewe mstari kwa mstari: nani anaruhusiwa kusajiliwa, vitambulisho gani vinahitajika, wachezaji wa akiba wangapi wanaingia. Sheria za soka zinaruhusu mashindano kutumia mabadiliko hadi matano, lakini si kila mashindano yanafanya hivyo.

Hapo hapo funga mlango wa mamluki. Atakuja mtu kukunong'oneza kwamba yupo kijana wa mtaani, straika hatari, anaweza kuvaa jezi ya chuo kwa jina la mwanachuo mwingine. Kataa siku ya kwanza na kataa mbele ya wachezaji. Mamluki akigundulika mnanyang'anywa pointi, na hata asipogundulika amekula namba ya mwanachuo ambaye ungeweza kumlea.

Usitoke ofisini bila kukubaliana mambo manne kwa maandishi: siku na saa za kutumia uwanja, fungu la usafiri na dawa, chakula cha wachezaji wanaochelewa kutoka mazoezini, na uhuru wa benchi kupanga kikosi. La nne ndilo linalovunja timu nyingi. Waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi ni mshirika wako muhimu katika kuhamasisha na kukusanya michango, lakini orodha ya wachezaji 11 wa kuanza isitoke kwake.

2. Gawaneni kazi

Benchi la chuo halihitaji watu wengi, linahitaji kila mtu ajue lake. Kocha mkuu anapanga mazoezi na kikosi. Msaidizi anashughulikia ukabaji na kuandika kumbukumbu. Kocha wa makipa anaweza kuwa kipa wa zamani wa chuo au wa timu ya mtaa. Meneja anabeba usajili, usafiri na vifaa. Mtu mmoja, ikiwezekana mwenye mafunzo ya afya, anashika begi la huduma ya kwanza na haliachi.

Katika hao, hakikisha mmoja ni mtu aliyekuwepo kabla yenu. Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. Nasreddine Nabi alipokabidhiwa Yanga Aprili 2021, msimu ule haukuisha kwa shangwe: Yanga ilishika nafasi ya pili nyuma ya Simba, kisha ikafungwa na Simba katika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Kigoma. Msimu uliofuata msaidizi wake alikuwa Cedric Kaze, Mrundi aliyewahi kuwa kocha mkuu wa Yanga hiyo hiyo kabla ya Nabi. Yanga ikatwaa ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mchezo wa ligi, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Yako mafunzo mawili hapo: benchi jipya linahitaji muda, na mtu anayewajua wachezaji ni mali, hata kama jana alikuwa bosi.

Simiyu ina bahati nyingine. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko wilayani Kwimba, ng'ambo tu ya mpaka wa Maswa, na kazi yake ni kufundisha walimu na makocha wa michezo. Waandikieni kuomba mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo au mkufunzi wa kuja kuendesha semina ya siku mbili. Wewe mwenyewe fuatilia kozi za ukocha zinazotolewa chini ya TFF. Ngazi za leseni za CAF zinaanzia D, na hakuna aliyezaliwa nayo.

3. Afya kwanza, mbio baadaye

Makocha wapya hupenda kuanza na mbio za kupima pumzi. Subiri kidogo. Tuko Kanda ya Ziwa, na kijana anayeonekana mvivu anaweza kuwa mgonjwa. Malaria ipo. Kichocho kipo, hasa kwa waliokulia kandokando ya ziwa, mabwawa na majaruba ya mpunga, nacho huleta upungufu wa damu na uchovu usioisha. Selimundu nayo iko juu katika kanda hii, na mwenye ugonjwa huo akisukumwa kwa mbio kali juani bila maji anaweza kupoteza maisha.

Kwa hiyo ombeni kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bariadi, iwapime wachezaji wote kabla ya mazoezi mazito: wingi wa damu, malaria, kichocho, selimundu, shinikizo la damu. Muulize kila mmoja kwa faragha kama aliwahi kuzimia akicheza, au kama kuna ndugu yake aliyefariki ghafla akiwa kijana. Majibu yabaki siri ya benchi. Kanuni ya uwanjani iwe fupi: mwenye homa hafanyi mazoezi, na aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu au kuchanganyikiwa anatoka na harudi siku hiyo, hata kama ni nahodha na dakika ni ya 80.

4. Ujueni udongo wenu

Wazee wa Kisukuma wanaujua udongo kwa majina, na kocha anatakiwa ajifunze kwao. Uwanja uliopo kwenye luseni, ule udongo wa kichanga wa mwinuko, hunywa maji haraka na unafaa hata asubuhi baada ya mvua. Uwanja wa mbuga, udongo mweusi wa kule chini, masika hugeuka gundi inayong'oa soli za viatu, na kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza kifundo cha mguu. Kama uwanja wa chuo ni wa mbuga, tafuteni eneo la luseni hata la nusu uwanja kwa ajili ya miezi ya mvua, kati ya Novemba na Mei, na kiangazi kinapoanza jazeni nyufa kwa mchanga kabla hamjapoteza beki.

Kila mazoezi yaanze kwa wachezaji kupanga mstari na kutembea uwanja mzima wakiokota mawe, miiba na vipande vya chupa. Inachukua dakika tano. Kubalianeni pia na wafugaji wa jirani kuhusu saa za ng'ombe kupita. Ni mazungumzo ya kistaarabu na mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na hayamalizwi kwa kurushiana mawe.

5. Wiki mbili za kutazama

Usichague kikosi siku ya kwanza, na usirithi kikosi cha mwaka jana kama kilivyo. Kwa wiki mbili wachezeshe wote mechi ndogo za watano kwa watano, goli dogo, dakika sita sita, ukibadilisha timu kila raundi. Kila mmoja wa benchi awe na daftari lake na aandike bila kuulizana. Tazameni vitu vinne: anafanya nini sekunde tatu baada ya kupoteza mpira, anapokea mpira akiwa amegeukia wapi, anaongea na wenzake au ananung'unika, na anakuja kwa wakati. Chenga na kanzu zitaonekana zenyewe bila kutafutwa.

Muulize kila mchezaji anacheza namba ngapi, kisha mjaribu na namba nyingine. Katika vyuo vyetu kila mtu ni namba 10 au namba 9. Timu inakosa namba 3 mwenye mguu wa kushoto na namba 6 anayekubali kufanya kazi isiyopigiwa makofi. Hao ukiwapata, walinde.

Baki na wachezaji kati ya 22 na 24, na angalau wanane wawe wa mwaka wa kwanza. Hao ndio timu yako ya mwakani. Walioachwa waambie ana kwa ana kwa nini, na waalike kuendelea na mazoezi ya Jumanne. Mchezaji aliyeachwa kwa heshima hurudi akiwa bora. Aliyeachwa kwa tangazo la ukutani huwa kiongozi wa wapinzani wako bwaloni.

6. Chakula na maji

Anayejua jikoni ndiye anayejua timu. Mazoezi yakianza saa 10:30 jioni na kuisha saa 12:00, mchezaji akaoga na kufika bwaloni amechelewa, atakuta sufuria zimekwanguliwa. Akilala njaa mara mbili kwa wiki, usimlaumu dakika ya 70. Meneja apeleke majina kwa mpishi kila siku ya mazoezi ili chakula chao kitengwe.

Hakuna haja ya vyakula vya dukani. Simiyu ina viazi vitamu, na michembe hukaa muda mrefu bila kuharibika. Kuna karanga, choroko, dagaa wa ziwani, mayai na maziwa. Siku ya mechi wale mlo wao mkubwa saa tatu kabla ya kuanza: ugali au wali na mboga isiyo na mafuta mengi. Kiazi kitamu kimoja au ndizi saa moja kabla kinatosha kwa anayehisi njaa. Baada ya mechi uji wa karanga au maziwa yenye kitu cha wanga huwarudisha haraka.

Maji ni lazima, hasa Septemba na Oktoba ambapo joto linapanda. Kila mchezaji aje na chupa yake ya lita moja na nusu yenye jina, na kila baada ya dakika 20 filimbi ilie watu wanywe. Kumnyima mchezaji maji ili awe mkakamavu ni ujinga wa zamani ambao bado unaumiza watu. Ukifika mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wapunguziwe mbio na wapewe kazi za mbinu na mipira ya kutenga.

7. Fundisheni machache

Mnazo jioni mbili za saa moja na nusu na mechi moja kila wiki. Jumanne na Alhamisi zinafaa kwa mazoezi. Mechi ya kirafiki iwekeni Jumapili alasiri, kwa sababu vyuo vya kanda hii vina Wasabato wengi, na kocha anayepanga kila kitu Jumamosi anajinyima wachezaji wazuri bila kujua.

*Kupasha misuli.* Tumieni utaratibu wa FIFA ulioandaliwa kupunguza majeraha. Unachukua dakika 20: nane za kukimbia taratibu na kunyoosha viungo, kumi za nguvu, mizani na kuruka, mbili za mbio za kasi. Hauhitaji kifaa zaidi ya koni, na chupa zenye mchanga hufanya kazi hiyo hiyo. Faida yake huja kwa kuurudia kila wiki, angalau mara mbili, bila kuruka hatua.

*Pumzi.* Acheni mtindo wa kuwakimbiza barabarani kutoka chuoni hadi kijiji cha tatu na kurudi. Mpira ni mbio fupi zinazorudiwa, na kusimama, na kugeuka. Mechi ndogo za wanne kwa wanne, dakika nne kali na mbili za kupumzika, mara tano, hujenga pumzi na akili kwa wakati mmoja. Kupima maendeleo, weka alama mbili umbali wa mita 20. Mchezaji aende na kurudi, apumzike sekunde 10, arudie, huku kasi ikiongezwa polepole mpaka ashindwe. Andika idadi ya raundi zake, mpime tena baada ya wiki sita.

*Kukaba kwa pamoja.* Hapa ndipo timu dhaifu hupata nafuu ya haraka kuliko pengine popote, kwa sababu kukaba kwa nafasi kunahitaji utii zaidi ya kipaji. Jaribuni zoezi hili. Nunueni kamba ya katani, mkate vipande vitatu vya mita nane. Wafungeni kiunoni mabeki wanne: namba 2 na namba 5, namba 5 na namba 4, namba 4 na namba 3, kwa fundo legelege linalofunguka likivutwa kwa nguvu. Mmoja wenu asimame mbele na mpira mkononi, atembee nao upande wa kulia, arudi katikati, aende kushoto. Mabeki wausogelee mpira kwa mwendo wa kutembea tu. Kamba ikiburuza chini wamebanana. Ikikaza wameachiana mwanya wa straika kupita. Baada ya dakika kumi fungueni kamba, wekeni mpira chini na washambuliaji watatu, kisha mrudie zoezi kwa kasi. Utawasikia mabeki wenyewe wakiambiana "kamba! kamba!" Hapo somo limeingia.

Ongezeni kanuni moja ya timu nzima: tukipoteza mpira, aliye karibu anaubana kwa sekunde tano, na wengine wanarudi nyuma ya mpira. Wote, pamoja na namba 10.

*Kutoka nyuma.* Kubutua si dhambi, dhambi ni kubutua bila mpango. Wafundisheni njia mbili tu za kuanza na mpira wa goli. Ya kwanza ni pasi fupi kwa beki wa pembeni pale wapinzani wanaporudi nyuma. Tangu 2019 sheria inaruhusu mpira wa goli kupokelewa ndani ya eneo la penalti, lakini bado utakuta mabeki wanausubiri nje. Ya pili ni mpira mrefu kwa mchezaji mmoja anayejulikana, na watatu wakisubiri utakapodondoka. Kipa akumbushwe sheria iliyoanza 2025: akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona.

8. Vuneni kwenye mipira ya kutenga

Kama mna dakika 25 tu za ziada kwa wiki, zipelekeni kwenye kona, faulo na mipira ya kurusha. Viwanja vyetu vina mabonde na vichuguu, na mpira wa pasi 20 hukatika njiani. Mpira uliotengwa hauna shida hiyo, na kila mtu ana muda wa kwenda mahali pake.

Chagueni wapigaji wawili, wa mguu wa kulia na wa kushoto. Wekeni alama mbili: mkono mmoja juu, mpira unakwenda nguzo ya karibu, mikono miwili, nguzo ya mbali. Wachezaji watatu wakimbie, mmoja mbele ya kipa, mmoja nguzo ya karibu, mmoja akichelewa kutoka nje ya boksi. Wawili wabaki nyuma kulinda shambulizi la kushtukiza. Pigeni kona 15 kila Alhamisi, na mwenye daftari aandike ngapi ziligusa kichwa cha mtu wetu. Zikifika saba kati ya 15 ongezeni mtindo wa pili, kabla ya hapo hapana.

Mpira wa kurusha ni hazina iliyosahaulika. Hakuna kuotea mpira unapotoka moja kwa moja kwenye kurusha. Kama mna kijana mwenye mikono iliyozoea jembe anayeweza kurusha mpaka eneo la penalti, hiyo ni kona ya ziada kila mnapofika theluthi ya mwisho.

Katika kulinda, mmoja asimame nguzo ya karibu, wawili walinde eneo la mbele ya goli, na warefu wenu wawakabe warefu wao mtu kwa mtu. Kipa ndiye mwenye sauti.

9. Tafuteni mechi vijijini

Timu ya chuo ikicheza yenyewe kwa yenyewe hujidanganya. Toka Bariadi hadi Maswa ni kilomita takriban 50 za lami, na kote njiani kuna timu za kata na vijiji zenye vijana wenye nguvu za shamba. Wekeni mfululizo wa mechi: moja na timu ya mjini Bariadi, moja Maswa mjini, moja kwenye kata kama Shishiyu. Ya kijijini ndiyo yenye faida kubwa. Mashabiki wanasimama juu ya mstari, uwanja hamuujui, refa ni wa nyumbani, na beki wao hakupi nafasi ya kutuliza mpira mara mbili. Mchezaji wa mwaka wa kwanza akishapita hapo, mashindano ya kanda hayamtishi.

Kabla ya safari, meneja azungumze na viongozi wa timu mwenyeji kuhusu saa ya kuanza, refa na mpira utakaotumika. Fikeni saa moja kabla, wasalimieni wazee waliokaa chini ya mti, na bebeni maji yenu. Kuchuma pamba huanza karibu na Mei, kwa hiyo miezi hiyo timu za vijijini huwa na wachezaji wachache siku za kazi. Pangeni Jumapili. Epukeni ndondo za kugombea mbuzi au ng'ombe katika wiki tatu kabla ya mashindano yenu, maana watu hukamia na miguu huvunjika.

Baada ya kila mechi msaidizi aandike mambo matatu: magoli tuliyofungwa yalianzia wapi, tulipata kona na faulo ngapi karibu na boksi, na ni dakika ya ngapi tulianza kuchoka. Baada ya mechi tano daftari litawaambia cha kufundisha kuliko hisia za mtu yeyote.

10. Siku ya mechi

Kikosi kitangazwe usiku uliotangulia au asubuhi, kamwe si uwanjani huku viatu vinafungwa. Maelekezo kabla ya mechi yasizidi dakika tano, na kila mchezaji aondoke na kazi moja aliyoambiwa kwa jina lake. Mapumziko yana dakika 15 tu: nne za kunywa maji na kunyamaza, tano za benchi kusema mambo mawili, na zilizobaki waachieni nahodha na wachezaji wenyewe.

Benchini mmoja tu apige kelele. Makocha watatu wakipaza sauti kwa pamoja winga hamsikii hata mmoja. Refa aachwe. Anayezungumza naye ni nahodha, kwa adabu.

11. Nidhamu, fedha na ile kamati nyingine

Wekeni kanuni chache zinazotekelezeka: kuchelewa, kutotoa taarifa, kumtukana mwenzako, kugoma kufanyiwa mabadiliko. Adhabu ya kwanza ni kukosa mechi ijayo, na imguse nyota kama inavyomgusa wa akiba. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Masomo nayo yawe sehemu ya nidhamu. Mwenye alama zinazoshuka apewe ruhusa ya kukosa mazoezi, na benchi lifuatilie kwa mkufunzi wake. Mkifanya hivyo, walimu wa taaluma watakuwa wa kwanza kuitetea timu.

Fedha za michango ziandikwe na zisomwe mbele ya wachezaji kila mwezi. Mpangilio wa matumizi uwe huu: dawa na bandeji, mipira minne mizuri ya saizi 5, vikinga ugoko, usafiri, na mwisho kabisa jezi mpya.

Kisha lipo jambo ambalo wote tunalijua. Katika soka letu "kamati ya ufundi" ina maana yake nyingine, na mashindano yakikaribia watajitokeza watu wakitaka hela za kwenda kwa mtaalamu. Usibishane nao kwa kejeli, imani za watu si mchezo. Waambie tu kwamba mfuko wa timu hulipa vitu vyenye risiti. Hela zikishaanza kwenda huko, kila tukifungwa tutamtafuta mchawi ndani ya timu, na timu inayotafutana mchawi haikabi kona.

12. Andikeni na mkabidhi

Wiki mbili kabla ya muhula kuisha, kila mchezaji apewe karatasi ya mazoezi ya likizo: mbio fupi mara mbili kwa wiki, mazoezi ya nguvu ya dakika 15, na kugusa mpira kila siku hata ukiwa wa makaratasi. Tengenezeni faili la timu lenye kalenda, matokeo ya vipimo, mitindo ya kona iliyochorwa, orodha ya timu za kirafiki na majina ya wachezaji wa mwaka wa kwanza wenye matumaini. Faili likae ofisi ya michezo ya chuo, lisikae begini kwa kocha.

Msiahidi kombe mwaka wa kwanza. Ahidini timu inayofungwa magoli machache kuliko ya mwaka jana, inayofunga kwa kona, isiyopoteza wachezaji kwa majeraha ya kizembe, na inayokwenda uwanjani ikijua inataka nini. Nanyi wakuu wa vyuo, mkishawapa watu hawa filimbi, wapeni na misimu miwili kamili. Kubadilisha benchi kila timu inapofungwa ni kulipa kila mwaka gharama ya kuanza upya, na hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa tulipo.